Tulifunga mwamba miezi mitatu, pweza wakaisha siku tatu: tulikosea wapi?

Swali: "Kijiji chetu kiko pwani ya kusini mwa Tanzania. Mwaka jana BMU yetu, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi kijijini, ilifunga mwamba wote ulio mbele ya kijiji kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Siku ya kufungua ilipangwa Jumamosi ili wageni wa wilayani waweze kufika, ikatangazwa kila mahali. Wakaja watu wa vijiji vingine na wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi mbali na kwao, wengi wao wazamiaji. Maji hayakukupwa vizuri, kwa hiyo kina mama wanaokwenda kwa miguu na kuchokoa pweza mashimoni kwa fimbo walipata pweza mmoja mmoja. Mnunuzi alikuwa mmoja tu, na ilipofika mchana akashusha bei. Siku ya tatu mwamba ulikuwa mtupu. Sasa viongozi wanataka tufunge tena, safari hii miezi sita, 'ili wazaane'. Kina mama wamekataa, na vijana wanasema bahari ni ya Mungu, haina mwenyewe. Mimi ni katibu wa kamati. Je, kufunga kunasaidia kweli au tunajidanganya? Na kama kunasaidia, tulikosea wapi?"

Ndugu katibu, umeuliza maswali mawili yenye majibu tofauti. Kufunga mwamba kunasaidia, na kwa pweza kunasaidia haraka kuliko kwa karibu kiumbe chochote kingine mnachovua. Kilichowaangusha ni siku ya kufungua: nani aliingia, maji yakiwa wapi, na nani alikuwa ufukweni na mizani. Miezi sita haigusi hata moja kati ya hayo matatu. Itawaongezea tu kina mama muda wa kusubiri, na wakikataa wana hoja.

Tuanze na pweza mwenyewe, maana neno "wazaane" limebeba kosa linalorudiwa sana pwani. Pweza wa mwambani mnayemvua, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Octopus cyanea, haishi miaka mingi. Mwaka mmoja, ukizidi mwaka na nusu, basi. Jike hutaga mara moja tu maishani. Huingia pangoni, huning'iniza mayai kwa laki kwenye dari ya pango, huziba mlango kwa mawe, kisha hukaa akiyapepea kwa takriban mwezi mzima bila kutoka kuwinda. Mayai yakianguliwa, yeye hufa. Vitoto vinavyotoka ni vidogo kuliko punje ya mchele, na havitui pale pale. Mkondo huvichukua, vikaelea baharini kwa wiki kadhaa kabla ya kushuka chini kwenye mwamba fulani. Mwamba huo unaweza kuwa wenu. Unaweza pia kuwa wa kijiji kilicho mbali kabisa.

Kwa hiyo mapato makubwa yanayoonekana baada ya miezi miwili au mitatu hayatokani na kuzaana. Yanatokana na kunenepa. Pweza mdogo mwenye chakula cha kutosha anaweza kukaribia kuongeza uzito maradufu ndani ya mwezi mmoja. Chukua hesabu ya mfano: siku ya kufunga mwamba una pweza 100 wa gramu 300, jumla kilo 30. Miezi miwili baadaye, chewa na mikunga wamekula baadhi, wengine wamehama, mmebaki na 60. Lakini kila mmoja sasa anakaribia kilo 1, na jumla ni kilo 60. Mmepoteza 40 na bado mna uzito mara mbili. Ongeza hapo kwamba wanunuzi wengi hupanga bei kwa daraja la uzito, na pweza wa kilo 1 mara nyingi hulipwa vizuri zaidi kwa kila kilo kuliko yule mdogo.

Sasa vuta hesabu hiyo hiyo hadi miezi sita. Wale wa gramu 300 watakuwa wamekomaa. Majike kadhaa watakuwa wametaga na kufa pangoni, na madume nao hawadumu sana baada ya kupandana. Wapya watakuwa wameingia, ndiyo, kwa hiyo mwamba hautakuwa mtupu, lakini ule uzito mliouweka akiba utakuwa umeanza kuwaponyoka. Kufunga kwa muda mrefu kuna faida yake kwa uzazi. Ila faida hiyo inasambaa na mkondo kwa pwani nzima, na gharama yake ingebebwa na kina mama wa kijiji kimoja. Hiyo si haki, na sidhani kama itadumu.

Kama viongozi wanataka ushahidi wa mahali pengine, uko Madagascar. Kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa kisiwa hicho, kilifunga eneo lake la kwanza la pweza mwishoni mwa mwaka 2004, na vijiji jirani vikafuata kimoja baada ya kingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipima vipindi 36 vya kufunga na kufungua katika miaka 8. Katika mwezi uliofuata kufunguliwa, pweza walioletwa kutoka maeneo hayo waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 700, na kilo alizopata mvuvi mmoja kwa siku zilikaribia kuwa maradufu. Zitazame namba hizo mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili kwa sababu watu wengi mno hukimbilia mwamba uliofunguliwa. Mliona jambo hilo hilo kwenu. Utafiti huo pia haukuona kijiji kikipoteza kipato cha pweza kwa kiasi cha kuonekana wakati wa kufunga, na sababu yake ni muhimu kwenu: vijiji vile vilifunga sehemu tu ya mwamba, vikaacha sehemu kubwa wazi.

Ninyi mlifunga wote.

Kabla ya kufika huko, kuna mtu mkutanoni atakayeuliza kwa nini msiachane na kufunga, mkasimamia tu kanuni ya uzito. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na hilo mnapaswa kulisimamia kwa vyovyote. Tatizo ni namna pweza anavyovuliwa. Mchokoaji haoni uzito; anaona shimo, na mlangoni rundo la magamba ya kaa na makombe. Anachoma, anavuta, ndipo anapojua amepata gramu 300. Wakati huo pweza ameshatobolewa, na kumrudisha majini mara nyingi ni kumlisha mkunga. Kwa samaki wa mtegoni au wa wavu, kipimo cha ukubwa hufanya kazi vizuri zaidi kwa sababu mvuvi ana nafasi ya kuchagua. Kwa pweza, njia ya uhakika ya kumwacha mdogo ni kutofika kwenye shimo lake kabisa. Ndiyo maana kufunga eneo kunashinda.

Na shimo moja halipaswi kuguswa hata mwamba ukiwa wazi: lile lililozibwa kwa mawe kutoka ndani. Humo mna jike anayelea mayai. Nyama yake imekonda kwa kutokula, kwa hiyo anayemtoa anapata pweza mwepesi na anaua laki za mayai. Wachokoaji wazoefu wanalijua shimo la namna hiyo kwa kulitazama tu. Waombeni wao wawafundishe vijana.

Sasa hoja ya vijana, kwamba bahari ni ya Mungu. Ni ya Mungu, na hakuna haja ya kubishana nao hapo. Swali ni nani anaamua lini na vipi watu wanaingia. Mwaka 1968 mwanabiolojia wa Marekani, Garrett Hardin, alidai kwamba kitu cha wote lazima kiharibiwe, kwa sababu kila mmoja huchukua haraka kabla ya mwenzake. Alikuwa anaeleza mahali pasipo na utaratibu wowote, yaani mwamba wenu ile Jumamosi. Elinor Ostrom, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano ya wavuvi, wachungaji na wamwagiliaji waliotunza mali ya pamoja kwa vizazi bila kuigawa na bila kuikabidhi serikali. Aliyokuta kwao ni mambo ya kawaida kabisa: mipaka inayojulikana, kanuni zilizotungwa na watumiaji wenyewe, walinzi wanaowajibika kwa watumiaji hao, adhabu inayoanza ndogo na kupanda, na mahali pa karibu pa kusuluhishia ugomvi. Ukipima kufunga kwenu kwa vigezo hivyo, mlikuwa na kimoja, labda viwili.

Kigezo kinachowaponyoka wengi ni cha watumiaji kutunga kanuni. Wachokoaji wa miguu kwenu ni kina mama, lakini kwa maelezo yako waliopanga eneo, muda na siku ni viongozi. Mwamba ulio mbele ya kijiji ndio pekee ambao mtu asiye na chombo anaufikia. Mwenye ngalawa na miwani ya kuzamia alikuwa na miamba ya mbali miezi yote mitatu. Mwenye fimbo hakuwa na pa kwenda. Kisha siku ya kufungua maji yakabaki juu ya mwamba, yule mwenye miwani akazamia, mwenye fimbo akasimama maji ya kiunoni. Kina mama walilipa gharama yote na kuvuna kidogo kuliko wote. Kabla ya kupanga tarehe yoyote mpya, keti na kina mama peke yao, bila wazamiaji, waulize: mwamba upi mnaweza kuuacha kwa miezi miwili na bado watoto wakala? Jibu lao ndilo ramani yenu ya kwanza.

Kuhusu eneo, fungeni robo ya mwamba mnaoutumia, au chini ya hapo. Lichagueni lenye mawe yenye mashimo na vipande vya matumbawe, karibu na majani ya bahari ambako kaa ni wengi. Mchanga mtupu mtalinda bure. Ni vyema eneo liguse sehemu ya kina kifupi na ukingo wa mwamba, maana pweza wadogo ni wengi kwenye kina kifupi na wakubwa hupatikana zaidi kwenye maji mengi. Lionekane kutoka ufukweni au kutoka kwenye nyumba za watu. Lisipakane na kijiji jirani kabla hamjakubaliana nao kwa maandishi. Mipaka ifuate alama ambazo kila mtu anazitaja kwa jina tayari, kama mlango wa maji, mwamba mrefu au mkondo. Boya ziwe nyongeza, kwa sababu boya hukatika, huibwa, na aliyekamatwa atasema hakuliona.

Muda uwe miezi miwili hadi mitatu. Mimi ningeanza na miwili. Watu wakiona faida mara moja, mwezi wa tatu wataukubali wenyewe. Mkianza na mitatu na ikaharibika, hata miwili mtanyimwa. Tazameni pia majira. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, mawimbi huwazuia watu wengi, kwa hiyo kufunga wakati huo kunawagharimu wavuvi kidogo, lakini pia kunaokoa pweza wachache kwa sababu tayari hawavuliwi sana, na boti ya doria haitoki kila siku. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, bahari imetulia, wazamiaji ni wengi, kulinda ni kugumu na faida ya kulinda ni kubwa. Hakuna jibu moja kwa pwani nzima. Wachokoaji wenu wanajua ni miezi ipi wanaona pweza wadogo wengi mashimoni, na kufunga kuanze hapo.

Ulinzi unaonekana mzigo mkubwa hadi uupange kwa kalenda ya maji. Kwa miguu, mwamba unafikika vizuri wakati wa bamvua tu, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na bamvua huja mara mbili kila mwezi mwandamo, siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Katika miezi mitatu mna bamvua 6. Kila moja lina kama siku 5 za maji kukupwa sana, kwa hiyo siku za ulinzi mkali ni kama 30, wala hazifiki 90. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hufikia chini kabisa karibu saa nne asubuhi, na tena karibu saa nne usiku. Hiyo ya usiku ndiyo inayosahauliwa. Mtu mwenye tochi na fimbo kwenye kupwa la usiku anaweza kumaliza kazi yenu ya miezi miwili, na asubuhi hakuna alama. Wekeni walinzi wawili wawili kwa zamu zilizobandikwa hadharani, wakiwemo wanawake, na wasiwe wa ukoo mmoja kwenye zamu moja. Wakati wa maji mafu, siku za katikati ambapo maji hayakupwi sana, kinachobaki kulindwa ni wazamiaji tu, na hao huonekana kwa vyombo vyao.

Walinzi walipwe, hata kidogo. Kujitolea hudumu bamvua mbili. Njia inayokubalika kwa urahisi ni makato ya kiasi kidogo kwa kila kilo itakayopimwa siku za kufungua, kiasi kilichokubaliwa mkutanoni kabla ya kufunga na kusomwa mkutanoni baada ya kufungua. Kikitajwa siku ya kufungua, kitaonekana ni wizi.

Sasa siku yenyewe. Ichaguliwe na mwezi. Ratiba ya wageni isubiri. Chukueni jedwali la maji kujaa na kupwa, tafuteni bamvua kubwa lililo karibu na mwisho wa muda wenu, na mfungue siku moja kabla ya kupwa kuliko kubwa zaidi, ili mpate siku nne au tano nzuri mfululizo. Bamvua za karibu na Machi na Septemba ndizo kubwa zaidi kwa mwaka. Mgeni rasmi akiweza kufika, karibu. Asipoweza, mwamba unafunguliwa.

Siku mbili za kwanza ziwe za wanaoenda kwa miguu tu, bila miwani ya kuzamia. Wazamiaji waingie siku ya tatu, na hata hapo waanzie ukingoni. Ona kwamba kanuni hii inapanga watu kwa njia ya uvuvi na haiulizi mtu anatoka wapi. Hilo lina maana kisheria: mvuvi mwenye leseni kutoka kwingine ana haki zake, na kijiji kinachomfukuza kwa sababu ni mgeni kitashindwa mbele ya mamlaka. Kijiji kinachosema "siku mbili za kwanza hakuna kuzamia, kwa yeyote" kina hoja iliyonyooka. Kila anayeingia aandikishwe, apewe namba, apitie mahali pamoja wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Mwamba ufunguliwe kwa ishara moja, filimbi au bendera, la sivyo watu wataingia usiku wa manane. Kanuni nyingine ni fupi: fimbo moja kwa mtu, jiwe lililogeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, hakuna kuvunja matumbawe, hakuna kumwaga dawa ya aina yoyote shimoni, na pweza chini ya gramu 500 hanunuliwi. Hili la mwisho mnunuzi ndiye anayelitekeleza, kwa hiyo liwe kwenye makubaliano yake.

Mnunuzi ndiye alikuwa adui wenu mkubwa mwaka jana, na pengine hakuwa na nia mbaya. Mtu mmoja, mwenye barafu ya kilo 100, akiletewa kilo 400 hadi saa saba mchana, atashusha bei au atakimbia. Wiki mbili kabla ya kufungua, zungumzeni na wanunuzi wawili au watatu. Waambieni makadirio ya mzigo, wakubaliane kwa maandishi bei ya kila daraja kwa siku zote za ufunguzi, na waje na barafu ya kutosha. Kwa joto letu, kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya pweza ndicho kipimo salama. Mizani iwe ya BMU, ijaribiwe hadharani kwa uzito unaojulikana. Pweza wakusanywe kivulini. Na mkataze kabisa kuwaloweka kwenye maji yasiyo ya chumvi ili waongezeke uzito. Wanunuzi wanaijua janja hiyo, na adhabu yake ni bei ya chini kwa kijiji kizima msimu unaofuata.

Umesema siku ya tatu mwamba ulikuwa mtupu, na nahisi hilo ndilo lililowavunja moyo zaidi. Sehemu yake ni kawaida: mlichoweka akiba mmekitoa. Sehemu nyingine ni kwamba waliingia watu wengi mno bila utaratibu. Lakini siwezi kukwambia uwiano wake, kwa sababu barua yako ndefu haina namba hata moja ya kilo. Kama hazikuandikwa, basi hakuna ajuaye kama mlipata hasara au faida. Kuna hisia za watu walioona mengi kwa siku moja na machache kwa siku ya tatu.

Kwa hiyo daftari. Mstari mmoja kwa kila mvuvi: tarehe, namba yake, miguu au kuzamia, saa alizokaa majini, idadi ya pweza, jumla ya kilo. Anzeni bamvua mbili kabla ya kufunga, mwendelee bamvua mbili baada ya kufungua, na mwandike pia mwamba mwingine mmoja ambao hamkuufunga kamwe. Jumla ya kilo itawadanganya, maana inapanda kwa sababu watu ni wengi. Mnayotaka ni kilo kwa mtu kwa kupwa moja. Wachokoaji 12 wakileta kilo 30, ni kilo 2.5 kwa mtu. Kama kabla ya kufunga ilikuwa 1.5, na mwamba wa kulinganishia umebaki 1.5, kufunga kumefanya kazi. Kama miamba yote miwili imepanda sawasawa, ni msimu tu umekuwa mzuri, msijisifu. Gawanyeni pia kati ya miguu na kuzamia. Hapo ndipo mtajua kama safari hii kina mama wamepata chao.

Baada ya bamvua la kufungua, msiuache mwamba uvuliwe hadi jiwe la mwisho. Njia inayofaa vijiji vingi ni kuzungusha: eneo hili likifunguliwa, lingine lifungwe, ili pasiwe na kipindi ambacho watu wote wamesimama wala ambacho miamba yote iko wazi. Wengine huamua kuacha kipande kidogo kabisa kimefungwa daima, kama kimbilio la majike wanaotaga. Nakiunga mkono, ilimradi kisiwe kwenye njia ya wachokoaji. Kufunga kwa msimu kwa pwani nzima, kama Madagascar ilivyoanza mwaka 2005 huko kusini magharibi kuanzia 15 Desemba hadi 31 Januari, kunaweza kusaidia uzazi, lakini uamuzi huo hauko mikononi mwa kijiji kimoja.

Yapo mambo ambayo kufunga hakutayatatua, na ni heri mkutano uambiwe sasa. Samaki wa mwamba na matumbawe hupata ahueni ndogo tu kwa miezi miwili. Hao wanahitaji miaka. Idadi ya wachokoaji ikiendelea kupanda kila mwaka, faida itagawanywa hadi isionekane. Na kila mnapofunga mwamba mmoja, watu husogea mwamba wa pili. Kama huo wa pili tayari umechoka, mtaumaliza. Daftari litawaonyesha hilo mapema.

Mambo manne yanahitaji mtu aje kwenu au ninyi mwende kwake. La kwanza ni sheria ndogo. Bila hiyo, faini mnayotoza haina miguu, na siku mtakayomtoza mtu anayejua sheria mtairudisha. BMU zimetajwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, lakini katazo lenu la eneo fulani linapaswa kuandaliwa na halmashauri ya kijiji, kujadiliwa na mkutano mkuu wa kijiji, na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Nenda kwa afisa uvuvi wa wilaya na mwanasheria wa halmashauri ukiwa na rasimu mkononi, usiende kuuliza tu. Kwenye rasimu, adhabu ianze na onyo la maandishi, kisha faini ndogo, kisha kubwa, na mwisho kupelekwa kwenye mamlaka. Faini inayoanza juu sana haitozwi kamwe, kwa sababu wa kwanza kukamatwa huwa ni mtoto wa mjomba wa mwenyekiti.

La pili: kama mwamba wenu umo ndani au kandokando ya hifadhi ya bahari, kama ile ya Mafia au ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kuna mipango na kanda zake tayari. Ongeeni na hifadhi kabla ya kuweka boya hata moja. La tatu: mkisikia baruti, au wavuvi wa usiku wakija na silaha, walinzi wenu warudi ufukweni na kupiga simu. Hiyo ni kazi ya polisi na maafisa uvuvi. Pweza hawana thamani ya mlinzi mmoja. La nne: mkifunga mara mbili kwa utaratibu huu na kilo kwa mtu zisipande, acheni kufunga kwa kubahatisha, muombe mtaalamu wa bahari aje autazame mwamba wenyewe. Huenda matumbawe yamekufa, mashimo yamejaa mchanga, au eneo lilichaguliwa vibaya, na mambo hayo hayaonekani kwenye daftari.

Kwa mwezi huu, usiitishe mkutano wa kufunga bado. Pata jedwali la maji, nunua daftari, na uanze kupima kilo za kina mama bamvua lijalo, kwa ruhusa yao.